Filimbi, sufuria na kaye ya nyumba kumi: namna Goma ilivyojilinda usiku



Mwezi uliopita, baada ya kipindi chetu cha asubuhi, mama mmoja alinisubiri kwenye mlango wa radio. Alitoka Masisi. Alipita katika kambi mbili, na tangu kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, anaishi na watoto wanne katika parseli ya shemeji yake, upande wa Ndosho. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, usiku filimbi ikilia, watu wote wanatoka na fimbo. Mimi nitoke ao nibaki? Nikibaki watasema ninajua wezi. Nikitoka, hakuna mwenye kujua sura yangu."

Nilimjibu haraka kwamba amwone shefu wa avenyu. Nilipofika nyumbani jibu langu likanisumbua. Nimefanya kazi ya radio miaka kumi na zaidi, nimetangaza wizi, mauaji, maandamano ya kudai usalama, lakini sikuwahi kujiuliza filimbi hiyo ilitoka wapi, na kwa nini mtu wa kawaida katika mji huu ndiye anayeamka saa saba za usiku kufanya kazi ya polisi. Nikaanza kuwauliza wazee, na kurudia yale niliyosoma. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Vijijini kulikuwa na yowe. Wazee wa Masisi na wa Rutshuru niliokaa nao wanalieleza kwa namna moja: mtu akivamiwa, ao ng'ombe wakichukuliwa, anapiga kelele, jirani anazipokea na kuzipeleka kilima cha pili. Kila mwanaume mwenye nguvu anatoka. Asiyetoka anaulizwa asubuhi alikuwa wapi. Na mwizi akishikwa, analetwa kwa wazee, kwa sababu kule kila mtu ana baba, ana ukoo, ana mtu wa kulipa kwa ajili yake. Mzee mmoja aliniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Kwetu hatukuwa tunamtafuta mwizi. Tulikuwa tunaitafuta familia yake." Mwenye mbuzi alitaka mbuzi yake. Kumuua mtoto wa jirani kungeleta vita ya miaka mingi kati ya milima miwili.

Sitaki kuipamba sana zamani hiyo. Mgeni asiye na ukoo pale kilimani alikuwa katika hatari, hata wakati huo. Mtaona kwamba jambo hilo litarudi.

Wabeljiji walipokuja, waliandika utaratibu mwingine. Serikali ya Leopold wa Pili iliunda Force Publique katika miaka ya 1880, jeshi ambalo lilikuwa pia polisi, na watu walilijua kwa fimbo ya kiboko kabla ya kulijua kwa ulinzi. Amri ya mwaka 1910, na nyingine ya 1933, ziliweka mashefu wa vijiji chini ya mkono wa serikali: shefu yule yule aliyesuluhisha wizi sasa alikusanya kodi na kutoa watu wa kazi za lazima. Katika miji, amri ya 1931 ilitenga makao ya Waafrika, tuliyozoea kuyaita "sité". Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mtaa wa wazungu bila karatasi. Polisi ilikaa kati ya mitaa hiyo miwili, na mgongo wake ulielekea kwa wazungu. Mwizi akiingia sité, ilikuwa habari ya sité.

Hapa kuna neno dogo la kufurahisha. Katika Kiswahili cha pwani, zamu ni mpango wa kupokezana kazi: leo wewe, kesho mimi. Kwetu huku Kivu, zamu ni mtu mwenyewe, yule anayelala mlangoni pa tajiri na koti kubwa na tochi. Mzee mmoja wa Goma, aliyewahi kuwa zamu katika nyumba za kando ya ziwa, alicheka nilipomweleza maana ile ya pwani. Akasema: "Basi walitudanganya. Hakuna aliyenipokea."

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Mobutu kushika nchi mwaka 1965, kartie ilipata macho mengi. Chama cha MPR kilikuwa na watu wake hadi chini kabisa, vijana wa JMPR walizunguka, na salongo ya kila juma ilionyesha nani yuko na nani hayuko. Wizi mdogo mdogo ulikuwepo, lakini wazee wengi wanasema walilala vizuri. Mimi nawauliza: mlilala vizuri, ao mliogopa kutoka? Wanacheka tu. Kwa kweli macho hayo yalimtafuta mwenye kusema vibaya juu ya chama kabla ya kumtafuta mwizi wa kuku.

Polisi yenyewe ilibadilishwa mara nyingi. Mwaka 1972 iliingizwa ndani ya jandarmeri. Mwaka 1984 ikaundwa Garde Civile juu yake. Mishahara ikapungua thamani, na ile "Article 15" ya mzaha, jitegemee, ikawa sheria ya kweli ya askari. Septemba 1991 askari walianza kupora maduka ya Kinshasa, na uporaji ukasambaa katika miji mingine ya nchi. Mapema 1993 wakarudia, walipolipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walikataa kuzipokea. Mtu mwenye umri wa miaka hamsini leo alikuwa kijana wakati huo. Alimwona aliyepaswa kulinda duka akitoka dukani na firigo kichwani. Ukimuuliza leo kwa nini hapigi simu polisi, usitafute sababu mbali.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika Julai, kwa siku chache tu, watu zaidi ya laki nane walivuka kutoka Rwanda na kujaa Goma na pembeni zake: Mugunga, Kibumba, Katale. Kolera iliua makumi ya maelfu. Pamoja na raia hao waliingia askari wa jeshi lililoshindwa, na silaha zao. Wazee wa Goma wanagawa historia ya wizi mara mbili, kabla na baada ya mwaka huo. Kabla yake mwizi alitoboa ukuta wa mbao na kupita na redio ya kaseti. Baada yake alipiga hodi na bunduki.

Ni katika miaka ya vita iliyofuata, ya 1996 na 1998, ndipo nyumba kumi ilizoeleka katika Kivu yetu. Jina na mpango vilitoka Tanzania, ambako chama cha TANU, mwanzoni mwa uhuru, kiliweka balozi mmoja kwa kila nyumba kumi. Rwanda nayo ikawa na nyumba kumi zake. Kwetu ukawa mwisho wa ngazi: meya, mkuu wa komine, shefu wa kartie, shefu wa avenyu, na chini kabisa nyumba kumi. Huyu wa mwisho hana mshahara, hana ofisi, hana gari. Ana kaye, na ni humo anamoandika nani analala wapi. Kaye hiyo imesaidia watu na imewaumiza watu, kulingana na nani aliyeiomba.

Huko Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulizaliwa pia Sungusungu, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Baada ya vita na Idi Amin silaha zilikuwa zimeenea, na wezi wa ng'ombe walizidi. Wanakijiji wakajipanga kwa pinde na mishale, kwa filimbi na kiongozi wa kuchagua wenyewe. Mara ya kwanza serikali ilikuwa na mashaka nao, baadaye ikawakubali. Wizi wa ng'ombe ulipungua. Lakini wanawake wazee walioshukiwa uchawi walianza kuogopa mikutano ile ile iliyomwogopesha mwizi. Kila mara ninaposikia mtu akisema "sisi pia tufanye kama Watanzania", ninamkumbusha upande huo wa pili.

Na sisi tulijaribu kutoa bunduki. Wakati wa RCD, vijana wa vijiji vya Kivu ya Kaskazini waliandikishwa katika kikosi cha Local Defence, walinde nyumbani kwao. Walipewa silaha, mshahara hawakupata. Mwenye silaha bila mshahara atakula wapi? Mnajua nyinyi mliopita barabarani miaka hiyo na mfuko wa maharagwe. Upande wa Shabunda, mwaka 2005, raia waliochoshwa na mauaji ya FDLR walijikusanya na kujiita Raia Mutomboki, yaani raia waliokasirika. Walianza wakiwa watoto wa pale pale, mama zao wakiwapikia. Miaka michache ilipopita, makundi yenye jina hilo yalikuwa yanaweka vizuizi na kudai pesa kwa mama wale wale. Familia nyingi zinazonisikiliza zilikimbia vijana ambao siku moja waliitwa walinzi wa kijiji. Kwa hiyo mtu akisema katika mkutano wa kartie, "tutafute silaha kidogo tu", mimi sikubaliani naye, na ninasema hivyo bila kuficha.

Nirudi mjini. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Watu walikimbilia Gisenyi na Sake. Siku chache baadaye wengi walikuwa wamerudi, mawe bado yana joto. Mama yangu alikuwa kati yao. Anasema walirudi kwa sababu ya manjanja. Mtu akikimbia, manjanja ya nyumba yanang'olewa usiku, na mwenye nyumba anarudi kukuta kiwanja kitupu. Familia nne za avenyu yetu zilipanga: wanaume wawili wanalala upande wa juu, wawili upande wa chini, wanawake na watoto katikati, moto unawaka hadi asubuhi. Hakuna shefu aliyewapangia. Siku hizo hizo kituo cha mafuta kililipuka katikati ya mji, watu wakiwa wanachota mafuta, na makumi walikufa. Mama anavikumbuka vyote viwili pamoja, wale waliolinda na wale waliochota, na anasema wengine walikuwa watu wale wale.

Ninafikiri zamu za usiku za Goma ya leo zilitoka kwenye moto ule zaidi ya kutoka kwenye amri yoyote. Mji ulijengwa upya juu ya mawe, nyumba za mbao zikikaribiana, mbao moja tu kati yako na jirani. Ukikohoa anasikia. Ubaya wake ni kwamba mwizi naye anavunja kwa dakika mbili. Uzuri wake, sufuria ikipigwa katika parseli moja, kartie nzima imeamka.

Kwa wasomaji walioko mbali nieleze inavyofanyika. Kila nyumba inaweka karibu na kitanda kitu cha kelele: filimbi, sufuria, kipande cha chuma, bido tupu. Anayevamiwa anaanza. Jirani hatoki mara moja, anapokea kelele kwanza, na nyumba ya tatu inapokea kutoka kwake. Ni yowe la Masisi lililovalishwa mabati. Mwizi mwenye bunduki anaweza kupiga mlango mmoja. Milango mia mbili inayopiga kelele pamoja inamchanganya, hajui njia ipi imebaki wazi. Bukavu wanafanya hivyo, Goma tunafanya hivyo. Hata vijana wa Kinshasa walioanzisha harakati ya kiraia mwezi wa Machi 2015 waliipa jina la Kiswahili, Filimbi, na nchi nzima ikalielewa.

Serikali nayo ilijaribu kukutana na watu nusu ya njia. Sheria ya Agosti 2011 juu ya polisi ya taifa ilitaka polisi iwe ya raia, na mpango wa polisi wa karibu ulijaribiwa Bukavu, Matadi na Kananga, na mikutano ya kartie ambamo polisi na wakaaji walikaa benchi moja. Nimewahi kukaa katika mmoja wa Bukavu. Mama mmoja muuza makala alisimama akataja kona ambayo taa ilikufa, saa ambazo wezi wanapita, na njia wanayotumia kukimbia. Komanda aliandika yote. Alikiri kwamba alikuwa amefanya kazi katika kartie ile miezi mingi bila kujua njia hiyo. Lakini mpango unategemea komanda kubaki, na kuwa na mafuta ya kutembelea. Akihamishwa, kaye yake inaondoka naye.

Sasa nifike pagumu. Mwizi akishikwa, anapelekwa wapi?

Novemba 2012, M23 walipoingia Goma mara ya kwanza, wafungwa zaidi ya elfu moja walitoka katika jela ya Munzenze. Tarehe 27 Januari 2025, mji ukianguka tena, maelfu wakatoka. Jela iliyojengwa kwa watu kama 350 ilikuwa imejaa mara nyingi zaidi ya hapo. Ilichomwa. Wanawake wengi waliofungwa humo walibakwa, na wengi wao walikufa ndani ya moto pamoja na watoto waliokuwa nao. Wiki tatu hazikupita, Bukavu nayo ilipita njia hiyo, na jela yake ikabaki tupu.

Jiweke katika nafasi ya mtu aliyetoa ushahidi. Ulimshika mwizi, ulimpeleka, ulitaja jina lako mbele ya mwendesha mashtaka. Siku moja asubuhi unamkuta anasimama mbele ya duka lako, anakusalimia kwa jina. Niliongea na baba mmoja wa Majengo ambaye lilimpata mwaka 2012. Aliuza parseli yake akahama. "Tangu siku hiyo," aliniambia, "sijapeleka mtu. Na sijasimama kati ya mtu na tairi." Hapo ndipo wakaaji wanapoelezea tairi na petroli. Hawasemi kwamba ni haki. Wanasema mfu harudi.

Nimesikia hesabu hiyo mara nyingi, na mwaka mmoja niliiona kwa macho. Ilikuwa katika avenyu yangu mwenyewe, usiku wa mvua. Filimbi ililia, tukatoka. Vijana walikuwa wamemshika mtu karibu na choo cha parseli ya tatu. Hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa analia kwamba anamtafuta mtoto wake, kwamba wamefika jana tu kutoka upande wa Kitshanga, kwamba wanalala kanisani. Hakuna aliyemjua. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kule milimani, na kila alipofungua kinywa mtu mmoja alisema, "sikia, si wa hapa". Mimi nilitoa simu nikaanza kurekodi. Nilijiambia ni kazi. Nilikuwa na sauti ambayo watu wa avenyu ile wanaitambua hata gizani, na niliitumia kunyamaza.

Aliyemwokoa ni mama muuza ndizi, mgeni yeye pia, aliyekuja na sufuria mkononi na kumuuliza kwa lugha yao: jina la baba yako, jina la kilima, nani alikuwa mwalimu pale. Alijibu yote. Yule mama akageuka akasema: "Huyu ninajua nyumba yao. Mkimuua, mnaniua na mimi." Vijana wakamwachia, si kwa furaha. Mtoto alipatikana asubuhi kwa Wasamaria wema upande wa barabara kubwa. Ile rekodi sikuitangaza. Bado ninayo.

Yule mama alifanya kazi ya wazee wa kilima. Alimtafutia mtu asiyejulikana familia, palepale, katika mvua. Na hii ndiyo hofu ya mama wa Ndosho aliyenisubiri mlangoni. Filimbi inamlinda anayejulikana. Asiyejulikana inaweza kumuua. Katika mji ambamo nusu ya avenyu imepokea watu wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, watu wasiojulikana ni wengi, na wengi wao ndio walioibiwa zaidi kuliko sisi sote.

Sheria, kwa wanaotaka kuijua, haikusahau raia. Kifungu cha 6 cha sheria ya 1959 juu ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema kwamba mtu akikutwa katika kosa zito, lenye adhabu ya miaka mitatu jela ao zaidi, na hakuna ofisa wa sheria karibu, mtu yeyote anaweza kumkamata na kumpeleka mara moja kwa mwenye mamlaka aliye karibu zaidi. Mara moja, si baada ya kumpiga, wala si baada ya kumfunga siku mbili kwa shefu. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 18 kwamba kasho ya polisi haiwezi kupita saa 48, na kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kundi la vijana wenye silaha. Kuhusu aliyeuawa, sheria haiulizi kama alikuwa mwizi.

Maandishi ni hayo. Lakini tangu Mei 2021, wakati wa hali ya dharura ya kijeshi, kesi za jinai za raia wa Kivu ya Kaskazini zilipelekwa kwa mahakama za jeshi, na tangu Januari 2025 mahakama za mbeleni mjini Goma hazifanyi kazi. Nani anampokea mwizi leo, na anamfanyia nini, kila mmoja anaona mahali anapoishi. Sitaandika zaidi juu ya hilo hapa.

Nitaandika lakini juu ya avenyu mbili nilizotembelea wiki hizi, kwa sababu watu wake hawakungoja. Katika ya kwanza, nyumba kumi mmoja, mama mjane, alipita parseli kwa parseli na kaye yake kuandika wageni. Hakuuliza kabila. Aliuliza nani aliyewapokea, watoto ni wangapi, na nani katika avenyu anaweza kusema "ninamjua". Kila familia ilipata mdhamini mmoja, mkaaji wa zamani. Kisha Jumamosi, baada ya salongo, aliwasimamisha mbele ya watu wote, wakaonwa sura. Nilimuuliza kaye hiyo anaiweka wapi, maana tunajua kaye inaweza kutafutwa na mtu mbaya. Aliniambia haina majina ya vijiji walikotoka, na hakuniambia inakaa wapi. Nikaona amefikiri kuliko mimi.

Katika avenyu ya pili walikubaliana watu watano: wawili wanawake, mhubiri, fundi wa viatu, na mwalimu. Kijana akishikwa, hao watano ndio wanaomkaa karibu hadi asubuhi, hakuna mwingine anayemgusa. Asubuhi wanatafuta kwanza nani wake. Mara mbili walikuta ni mtoto wa avenyu ya jirani. Wazazi walirudisha simu, wakalipa kioo kilichovunjwa, na mtoto akapelekwa kujifunza kazi kwa yule fundi. Mara ya tatu alikuwa mtu mwenye bunduki na wenzake walikimbia. Hapo, fundi alikiri kwangu, watano wote waliogopa, na walikuwa karibu kuondoka na kuwaachia vijana. Hawakuondoka. Lakini hakutaka kuniambia walimpeleka wapi, na sikumlazimisha.

Nilirudi Ndosho Jumapili iliyopita kumwona yule mama. Shemeji yake alikuwa amempeleka kwa nyumba kumi, ameandikwa, anajulikana katika parseli nane kati ya kumi. Mbili bado hazimsalimii. Usiku filimbi ikilia hatoki barabarani. Anasimama mlangoni pake na kupiga sufuria, ili wote wasikie kwamba yuko macho na yuko upande gani. Mwanaye mkubwa, wa miaka 16, ndiye anayetoka, na mama halali hadi arudi. Aliniuliza kama ninaweza kumtafutia filimbi, kwa sababu sufuria ni moja tu na imeanza kutoboka. Nimemwahidi, na nikiwa na mbili nitapeleka mbili.